Hana cheti kama mimi, lakini Hlaudi si shujaa wangu

Kuna aina ya hadithi ambayo sisi tulioacha chuo huimeza bila kutafuna. Ile ya jamaa asiye na karatasi aliyepanda hadi ghorofa ya mwisho, akawa anawaajiri na kuwafuta wale wenye digrii mbili mbili. Naielewa hamu hiyo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu siku hiyo walioniuliza "umesomea nini?" ni wengi kuliko walioniuliza jina. Kwa hivyo ukiniambia kuna kijana wa mashambani aliyeongoza shirika la utangazaji la taifa zima bila hata cheti cha sekondari, lazima nitavuta kiti nisikize.

Jamaa huyo yupo. Anaitwa Hlaudi Motsoeneng, mzaliwa wa QwaQwa, mkoa wa Free State, Afrika Kusini. Alianza kama mwanahabari mdogo wa redio, akaishia kuwa mkuu wa operesheni wa SABC, shirika la utangazaji la umma la nchi hiyo. Ukiwa hujawahi kuishi huko huenda usielewe SABC ni mnyama wa ukubwa gani. Redio zake hutangaza kwa lugha zote rasmi zinazozungumzwa kwa mdomo nchini humo. Kuna nyanya kule Limpopo au Eastern Cape ambaye habari zote anazopata duniani zinatoka kwenye redio hiyo moja iliyo juu ya kabati. Anayeamua nyanya huyo asikie nini ana nguvu kuliko mawaziri kadhaa.

Sasa keti nikueleze, kwa sababu wengi wanaomshangilia Hlaudi wanashangilia sehemu isiyofaa.

Mwaka 1995, alipoomba kazi SABC, kulikuwa na fomu ya kujaza. Kwenye sehemu ya mtihani wa kidato cha mwisho, ambao wao huuita matric na sisi tungeuita KCSE, alijaza alama. Somo hili gredi hii, somo lile gredi ile. Shida ni kwamba alama hizo hazikuwepo. Hakuwa amepata cheti hicho. Baadaye alipoulizwa, alijitetea kwamba wakubwa walijua hana cheti na kwamba aliambiwa ajaze tu. Hebu fikiria hiyo sentensi. Mtu anakaa na kalamu mkononi, anajitungia gredi, kisha miaka karibu 20 baadaye anasema si mimi, ni fomu.

Huenda unasema, na mimi pia nimewahi kulisikia hili kwa wasee wa mtaani: hata kama, si alikuwa na kipaji? Si kazi aliifanya? Cheti kinasoma taarifa ya habari?

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Rais aliyekuwa madarakani Hlaudi alipopaa alikuwa Jacob Zuma. Na Zuma mwenyewe hakupata elimu rasmi ya shule. Hilo halijawahi kuwa siri. Alijifunza kwa kujitafutia, na kwenye gereza la Robben Island alikofungwa miaka 10. Zuma ana mambo yake, tena mazito, lakini hakuna siku alisimama akasema ana cheti asichokuwa nacho. Nchi nzima ilijua hakusoma na bado ikampigia kura. Kwa hivyo Afrika Kusini haikuwa nchi isiyoweza kumvumilia kiongozi asiye na karatasi. Hlaudi angeweza kuiacha ile sehemu ya fomu wazi. Labda asingepata kazi mwaka huo. Labda angepata mwaka uliofuata, akiwa huru.

Neno huru ndilo ninalolitaka, kwa sababu uongo wa cheti unakugeuza kuwa mali ya mtu. Ukiwa kazini na faili lako lina doa, kila mkubwa anayelijua ana kamba shingoni mwako. Hahitaji kuivuta. Inatosha wewe ujue iko pale. Mtu kama huyo hawezi kumwambia mwanasiasa "hiyo habari itasomwa upende usipende." Mwenzake aliyeajiriwa kwa haki, mwenye cheti au asiye nacho, anaweza kukataa, akafutwa, akaenda kwingine akaajiriwa. Huyu akifutwa ameisha. Kwa hivyo atalipa kodi yake kila siku, na kwa sababu kazi yake ni habari, kodi hiyo ataitoa kwa habari.

Wanasiasa wanajua kuchagua. Wakiwa na watu wawili mbele yao, mmoja safi na mmoja mwenye faili, watampenda yule mwenye faili. Nchi zote, si huko tu.

Angalia mambo yalivyofuatana. Novemba 2011 Hlaudi anakuwa kaimu mkuu wa operesheni. Ndani ya mwaka mmoja wa fedha, mshahara wake unapanda kutoka randi milioni 1.5 hadi randi milioni 2.4. Februari 2014 Thuli Madonsela, aliyekuwa Mlinzi wa Umma, ofisi ya kuchunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali, anatoa ripoti. Anasema wazi kwamba Hlaudi alidanganya kuhusu cheti, kwamba nyongeza za mshahara hazikufuata utaratibu, na kwamba achukuliwe hatua. Mahali pengine mtu angefungasha. Julai mwaka uo huo, miezi mitano tu baadaye, waziri wa mawasiliano Faith Muthambi, ambaye Zuma alikuwa amemteua Mei, anaidhinisha Hlaudi awe mkuu wa operesheni wa kudumu. Sababu? Ati mawakili walikuwa wamelipitia suala na kumsafisha.

Yaani ripoti inasema umedanganya, na zawadi yako ni kutolewa neno "kaimu" mlangoni.

Mambo ya mahakamani sitakuchosha nayo. Chama cha upinzani cha Democratic Alliance kilishtaki, mahakama moja baada ya nyingine zikasema uteuzi ule haukuwa halali, na Novemba 2015 ukafutwa. Rufaa zilipoisha mwaka 2016, shirika likamtoa kwenye cheo hicho na kumpa kingine cha masuala ya shirika, kama mtu anayehamisha kiti kutoka sebuleni hadi barazani na kusema ameshakiuza. Desemba mahakama ikalazimika kurudi kusema hapana, hata hicho pia hapana.

Lakini hayo ni ya mawakili. Linaloniuma mimi ni yaliyokuwa yakitoka hewani wakati huo wote.

Mwaka 2013 alitaka asilimia 70 ya habari ziwe za kufurahisha. Mazuri ya nchi, maendeleo, miradi. Ukilisikia haraka linavutia, maana ni nani hajachoka na habari za maafa? Ila jiulize nani anaamua kipi ni kizuri. Barabara mpya ni habari nzuri. Barabara mpya iliyogharimu mara tatu ya bei ni habari gani? Kwenye hesabu ya Hlaudi, ile nusu ya kwanza inatangazwa, ile ya pili inabaki dawati la mhariri.

Kisha Mei 2016. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Agosti. SABC ikatangaza kwamba haitaonyesha tena picha za waandamanaji wakiharibu mali ya umma. Sababu ilikuwa kwamba kamera zinawachochea watu. Mwezi uliofuata vurugu zikalipuka Tshwane kwa sababu ya mgombea umeya ambaye chama tawala kilikuwa kimemteua, mabasi yakachomwa. Mwenye pesa ya kulipia runinga ya kibinafsi aliona moto. Mwenye SABC peke yake alipata taarifa iliyopigwa pasi.

Ndani ya chumba cha habari kulikuwa na watu waliokataa. Wanane wao walipata jina moja, SABC 8. Waliuliza maswali kuhusu maagizo hayo, wakiwemo waliopinga kuzuiwa kuripoti maandamano yaliyofanywa nje ya ofisi za SABC yenyewe. Wakasimamishwa, wakafutwa. Mmoja wao ni Lukhanyo Calata. Baba yake, Fort Calata, alikuwa mmoja wa wanaharakati wanne wa Cradock waliouawa na polisi wa ubaguzi wa rangi Juni 1985. Miaka 31 baadaye mwanawe anaambiwa, na serikali ya chama ambacho baba alikifia, asiripoti maandamano. Jimi Matthews, aliyekuwa kaimu afisa mkuu mtendaji, alijiuzulu Juni hiyo hiyo akisema yanayofanyika hapo si sawa. Mahakama ya kazi iliamuru wafanyakazi warudishwe, na mamlaka ya mawasiliano ikaiambia SABC iondoe marufuku ile.

Suna Venter, mmoja wa wale wanane, alirudi kazini. Alikuwa ametishwa kwa miezi, hata kupigwa risasi za bunduki ya upepo usoni. Juni 2017 alipatikana amefariki nyumbani kwake. Alikuwa na umri wa miaka 32. Familia ilisema madaktari walikuwa wamemkuta na ugonjwa wa moyo unaosababishwa na msongo. Hlaudi hakumuua mtu, na sisemi hivyo. Nasema ukiwa unamwita mtu hasla na shujaa wa wasiosoma, hesabu pia waliolipa bei ya kupanda kwake.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu, ile wanaomtetea huipenda.

Mei 2016 Hlaudi aliamuru redio zote za SABC zicheze asilimia 90 ya muziki wa Afrika Kusini. Asilimia tisini, buda. Wasanii walilia kwa furaha. Wakongwe waliokuwa wamesahaulika wakaanza kusikia sauti zao tena kwenye matatu za huko, na akaahidi kuwapa magwiji 180 randi 50,000 kila mmoja. Ukiwa msanii wa Kenya, ukiwa umewahi kubeba nyimbo zako kwenye flashi kutoka stesheni moja hadi nyingine na kuambiwa "tutakupigia," huwezi kuisikia hiyo bila kutamani Hlaudi angekuja hapa wiki moja tu. Sisi wenyewe tumelalamika miaka mingi kwamba redio zetu zinacheza za Lagos na za Atlanta kisha za hapa zinasubiri saa tisa usiku.

Sitakudanganya kwamba lilikuwa wazo baya. Lilikuwa wazo zuri mikononi mwa mtu mbaya, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Sera ya muziki wa nyumbani inahitaji kupangwa: idadi inayopanda polepole, studio zinazotoa kazi ya kutosha, wauzaji wa matangazo kuandaliwa, malipo ya mirabaha kusimamiwa. Hii ilitangazwa kama fadhila ya mkubwa. Wasikilizaji wa baadhi ya stesheni walihama, matangazo yakapungua, na alipoondoka sera ikalegezwa. Mwaka wa fedha wa 2016/17 SABC iliandika hasara ya randi milioni 977. Wasanii walewale walioimba kumshukuru wakabaki na shirika lisilo na pesa za kuwalipa.

Na ndiyo, watu kama hawa daima huwa na kitu kimoja kizuri cha kuonyesha. Hata hapa kwetu. Kuna mheshimiwa hawezi kueleza pesa za basari zilikoenda lakini amejenga kisima, na ukiuliza unaonyeshwa kisima.

Tena wakati wasanii wanapewa randi 50,000 kila mmoja, yeye mwenyewe mwaka huo huo wa 2016 alilipwa bonasi ya zaidi ya randi milioni 11 kwa sababu ya mkataba SABC iliyosaini na kampuni ya MultiChoice mwaka 2013. Kwa pesa zetu hizo ni milioni 80 na ushei. Kwa mfanyakazi wa umma, kwa kuketi kwenye mkutano ambao alikuwa analipwa mshahara kuuketia. Desemba 2021 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilimwamuru azirudishe pamoja na riba.

Mwisho wa kazi yake haukuwa na ushujaa. Aprili 2017 aliita mkutano na wanahabari akaishambulia bodi ya shirika, na Juni akafutwa kwa kosa hilo la nidhamu. Mwaka 2018 akaanzisha chama chake, African Content Movement, akagombea 2019 akijitangaza kama rais ajaye. Chama kilipata chini ya kura 5,000 nchi nzima. Kumbuka huyu ni mtu aliyekuwa akiamua kinachosikika kwenye mamilioni ya redio. Siku aliposimama bila mkubwa nyuma yake, hakuweza kujaza uwanja wa shule.

Kwa nini nakusumbua na ya Afrika Kusini wakati KBC iko hapa Harry Thuku Road?

Kwa sababu hata sisi tunajua redio ya serikali ni ya nini. Agosti 1, 1982, wanajeshi wa angani walioasi walikimbilia Sauti ya Kenya na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Walijua aliye na kipaza sauti ndiye atakayeaminika kuwa ana nchi. Muulize mzazi wako taarifa ya habari ya miaka ya Moi ilivyoanza. Rais amefungua, rais amesema, rais amehudhuria ibada. Mvua ikiharibu mazao ilikuwa habari ya tatu.

Na lile wazo la Hlaudi la kuficha maandamano halikubaki kwake. Juni 25, 2025, sisi tukiwa barabarani kuwakumbuka wenzetu waliouawa mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo vyote visitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano. Baadhi vikazimwa mitambo. Mahakama ilisimamisha agizo hilo, lakini kwa saa kadhaa mama aliyekuwa nyumbani akimtafuta mwanawe kwenye skrini aliona giza. Sababu ilifanana sana na ile ya 2016 kule Johannesburg: usalama, amani, uchochezi.

Sisemi KBC ina Hlaudi. Nasema mlango aliopitia kule upo hapa pia. Kwa sheria yetu, mwenyekiti wa bodi ya KBC huteuliwa na Rais. Tumezoea kuona nyadhifa za mashirika ya umma zikigawiwa walioshindwa uchaguzi kama peremende baada ya harusi. Na vyeti? Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi umepata vyeti bandia zaidi ya 2,000 kwenye ofisi za serikali. Watu wakacheka mtandaoni siku mbili, tukahamia jambo lingine. Mimi sikucheka. Kila kimoja cha vyeti hivyo ni mtu ambaye kuna mkubwa mahali anajua, au atakuja kujua, na siku moja atahitaji sahihi.

Wewe uliyeacha shule kama mimi, najua wanavyokutazama. Najua kuna kazi unaweza kuifanya ukiwa umefumba macho na hawakuiti hata kwa mahojiano. Pigania hilo. Dai mashirika ya umma yaweke njia za kupima ujuzi badala ya kuangalia bahasha ya kaki tu. Ningependa siku moja mkurugenzi wa KBC awe mtu asiye na digrii, aliyeandika wazi kwenye fomu kwamba hana, akapewa kazi mbele ya kila mtu kwa sababu anaijua. Huyo hata Ikulu ikimpigia simu saa moja kasorobo jioni kabla ya taarifa, anaweza kusema habari itasomwa kama ilivyo.

Gazeti Rasmi la Serikali hutoka Ijumaa. Uteuzi wa wenyeviti wa bodi huchapishwa humo, jina na muda wa kuhudumu, na unaweza kulisoma bure kwenye simu. Ukiona jina jipya la shirika la utangazaji, tafuta mgombea huyo alisimama wapi kwenye uchaguzi uliopita, na kwa tiketi ya nani.